Kombe la Hita Iliyoungua

Mume wangu Ross ana rafu moja gereji ambayo ameipa jina la Makaburini. Pale ndipo vinapolala vyombo vyote nilivyonunua kwa ajili ya tangi langu la matumbawe, vikaniaibisha. Mgeni akija nyumbani, hata chai hajaonja, Ross anamshika bega: "Twende kwanza ukatoe pole Makaburini." Halafu namsikia huko anamtambulisha kwa marehemu mmoja mmoja.

Namwacha. Ana haki ya kufurahi, maana mazulia ya nyumba hii ameyaanika yeye zaidi ya mara moja.

Mimi naitwa Verna. Nimepika kantini ya shule hapa Mackay miaka thelathini na moja, na hakuna muuza viazi aliyewahi kunipunja. Lakini nionyeshe mashine kwenye simu, iandikwe bei imeshuka na zimebaki mbili tu, basi akili yangu inafunga duka inakwenda zake. Nilinunua mashine ya povu, ile inayochapa maji ya chumvi mpaka uchafu upande juu na mapovu, nikaambiwa haina kelele kabisa. Haki ya Mungu, ilinguruma mpaka jirani akaja kuuliza kama tunakata miti. Nikanunua pampu ya mawimbi, ikasomba mchanga wote ikaurundika kona moja, samaki wakawa na jangwa huku na mlima kule. Taa nilizoletewa zilikuwa na nguvu, sikatai, ila zilimulika buluu tupu, na Ross alishinda mwezi mzima akiniuliza kama tumehamia disko. Na ile mashine ya kulishia samaki! Unyevu wa huku uliingia ndani, chakula kikashikana kikawa tofali, siku ya nne nusu ya tofali ikadondoka kwa mpigo. Samaki walivimba na maji yakanuka. Nilimwandikia muuzaji barua ya matusi ya heshima, na Ross aliichapa akaibandika Makaburini.

Hayo nayasimulia huku nacheka. Mwaka jana kulikuwa na majuma matatu ambayo sikucheka hata kidogo, na hicho ndicho kisa changu.

Kila Septemba, kabla joto halijaanza kutuonea, chama chetu cha wafuga matumbawe kinakutana Jumapili moja kwenye banda la bustani karibu na ufukwe. Tunachoma soseji na vitunguu, tunaweka meza katikati, na kila mtu anakuja na kitu kimoja kibovu alichonunua. Unasimama, unakiinua wote wakione, unasimulia kilivyokutenda. Uongo hauruhusiwi. Na kuna sheria ya pili ambayo wageni huishangaa: hakuna anayeruhusiwa kucheka mpaka msimuliaji mwenyewe acheke kwanza. Utaona watu wazima wameuma midomo, machozi yanawatoka, wanakusubiri. Mshindi anapatikana kwa kugonga sahani, yule aliyegongewa zaidi anapewa Kombe akae nalo mwaka mzima juu ya tangi lake. Kombe lenyewe ni hita ya kupashia maji ya tangi, kibomba cha kioo kilichoungua kikawa cheusi, kimegandishwa juu ya kipande cha ubao. Mimi nimelitwaa mara nne.

Aliyeanzisha mambo hayo yote, meza na sheria na Kombe, ni Noelene Tranter. Sasa ana miaka themanini na mitano, mwembamba, mkali, na sisi sote ndiye aliyetufundisha. Ukimpigia simu kwamba tumbawe lako limenywea, anakuuliza maswali matatu halafu anakwambia kosa lako ni lipi, na ni kweli.

Ndani ya tangi la Noelene kulikuwa na tumbawe ambalo chama kizima kilimwita Bi Mkubwa. Alikuwa na matawi kumi na tisa, kila tawi na kichwa chake, na kila kichwa vidole virefu vya kijani vyenye ncha za dhahabu, vinayumba mchana kutwa. Marehemu mumewe, Merv, mpiga mbizi, ndiye aliyemleta kutoka miambani enzi zile ilipokuwa ruhusa. Sisi wafuga matumbawe tuna desturi ya kukata kipande na kumpa mwenzio. Bi Mkubwa, hapana. Ukiomba kipande, Noelene anakujibu, "Huyu hakatwi," na ukirudia kuomba anakuonyesha mlango.

Mwaka juzi magoti yakamshinda, macho nayo yakaingia ukungu, akawa anaona rangi na mtikisiko tu. Nyumba ikauzwa, akahamia makao ya wazee. Chumba kizuri, ila walimwambia tangi hapana. Akaniita.

"Verna mwanangu," akasema, "viti wachukue, vyombo wachukue. Bi Mkubwa nakupa wewe. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi utakuja kunichukua nije kumwona. Sitaki kingine."

"Mbona mimi, mama? Mwenzetu Carmelo ana tangi zuri kuliko langu."

"Carmelo hajawahi kukosea maishani mwake, muulize atakwambia. Wewe umesimama mbele ya watu mara nne ukakubali. Mtu wa kukubali kosa ndiye ninayemtaka."

Nikavimba kichwa. Nikasema neno ambalo hakuna aliyeniomba niliseme: "Mama, hatafia mikononi mwangu."

Siku ya kumhamisha nilimbeba kwenye sanduku la barafu bila barafu, nimelipakata kwenye gari, na kwenye tuta la kwanza kichwa kimoja kikavunjika. Nikaingiwa na hofu. Carmelo Aquilina, mkulima wa miwa mstaafu, Mmalta mwenye ulimi wa kisu, alikuwa ananisubiri mlangoni kwangu aje acheke ninavyofunga mabomba. Nikamtia kile kichwa mkononi.

"Chukua, nenda nacho. Na Noelene asijue kabisa."

"Hii unanipa zawadi au unanipa ushahidi?"

"Nenda, Carmelo!"

Akaenda nacho. Vichwa kumi na vinane vikabaki, na Noelene hakuvihesabu, macho yake hayahesabu tena.

Miezi kumi yote ilikwenda salama. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi Noelene anakaa kwenye kiti changu mbele ya kioo cha tangi, kikombe cha chai mkononi, anamtazama Bi Mkubwa akiyumba. Nami kila asubuhi nilikuwa namimina jagi la maji matamu, yasiyo na chumvi, ndani ya tangi, maana maji hukauka na chumvi hubaki, bila kuongeza maji matamu chumvi inazidi. Kwenye kioo nilichora mstari wa rangi ya kucha, nyekundu, nikawa namimina mpaka pale. Kazi ya dakika mbili.

Mwezi wa nane mpwa wa Ross akaolewa mji wa Emerald, huko bara, safari ya saa nne na zaidi. Tulikuwa tulale siku mbili. Mtu mwenye akili angemwomba jirani amimine jagi. Mimi nikafungua simu.

Mashine ya kujazia maji, nusu bei! Inakuwa na kiboya kidogo kinachoelea kwenye tangi. Maji yakishuka, kiboya kinashuka, pampu inavuta maji matamu kutoka chombo cha pembeni. Maji yakifika, kiboya kinapanda, pampu inazima. Carmelo akaja kuiona, akaitazama kama daktari wa mifugo anavyotazama ng'ombe mgonjwa.

"Kikapu cha kufunika kiboya kiko wapi?"

"Kinauzwa peke yake. Kikapu cha plastiki kiasi cha kikombe cha yai, sinunui wizi mimi."

"Konokono wako wa tangini watakipanda."

"Konokono wangu wana adabu."

"Sawa. Basi tumia ndoo ya lita kumi, usitumie pipa. Mashine ikipata wazimu, imwage ndoo moja tu."

Nilikuwa na pipa la lita mia moja na ishirini, nimelinunua kwa bei nzuri. Siku mbili, nikawaza, na joto lenyewe hili, ndoo itaisha. Hata Ross, ambaye huwa ananicheka baadaye na wala si kabla, alisimama akalitazama akasema, "Pipa zima, Verna?" Nikamwambia apakie mabegi.

Tulirudi Jumatatu mchana. Zulia lilikuwa limelowa mpaka jikoni. Pipa limekauka. Na juu ya kiboya amekaa konokono mmoja, mnene, amekikandamiza chini, anatafuna mwani wake taratibu bila habari na dunia. Kwa uzito wake mashine iliamini tangi limekauka, ikamwaga maji matamu yote lita mia moja na ishirini, na ya chumvi yakafurika yakatoka. Nikachukua kipima chumvi. Sitasema kilionyesha ngapi.

Samaki walipona, samaki ni wagumu. Bi Mkubwa alikuwa amejikunja vidole vyote ndani. Nilirudisha chumvi pole pole kama nilivyofundishwa, nikakaa naye siku mbili. Siku ya tatu ute wa kahawia ukaanza kwenye kichwa kimoja, kesho yake kwenye sita, na kufikia Ijumaa nilikuwa nimebaki na mifupa myeupe kumi na minane. Nililia jamani. Nililia mpaka Ross akaja akaketi sakafuni karibu yangu kwenye zulia bichi, na hakutaja Makaburini.

Simu ikaita. Noelene huwa anapiga Ijumaa.

"Bi Mkubwa hajambo?"

"Hajambo, mama," nikasema. "Anayumba tu."

Ninyi mnaonisikiliza, sijui kama mmewahi kumdanganya mtu anayekuamini hasa kwa sababu unasema kweli. Neno lilinitoka lenyewe, na likishatoka likawa na watoto. Akauliza anakula? Nikasema anakula. Akauliza yule samaki wa rangi ya machungwa bado anajisugua kwake? Nikasema bado. Akacheka kwa furaha akakata simu.

Carmelo alipata habari, sijui kwa nani, nadhani Ross alimwambia. Alikuja Jumamosi na sanduku la barafu, akaliweka mezani. Ndani mna jiwe dogo, juu yake kile kichwa kilichovunjika, ila sasa kimejigawa, vimekuwa vitatu, vinene, kijani chake kinakupiga macho.

Nikamtazama. Nilikuwa nasubiri anicheke, nilikuwa nautaka ule mzaha wake.

"Ni vyote?" nikauliza.

"Vyote. Vikiongezeka utanipa kimoja."

"Carmelo…"

"Usinishukuru, utaniharibia jina."

Tukavigandisha kwa gundi pale pale alipokuwa Bi Mkubwa. Na hapo ndipo shetani akanipanda. Jumapili ya Meza ilikuwa ndiyo Jumapili ya kwanza ya Septemba. Baada ya soseji, Noelene angekuja kwangu kama kawaida. Haoni ila rangi na mtikisiko. Nikitoa zile taa za buluu Makaburini, nikazielekeza kwa karibu kwenye vile vichwa vitatu, vitang'aa, vitaonekana vikubwa. Nikaenda gereji nikazishusha. Ross akanikuta nafuta vumbi.

"Hizo za nini?"

Nikamweleza.

Ross si mtu wa kupandisha sauti. Akasema, "Kwa hiyo unakwenda kumdanganya mama wa watu asiyeona, kwa taa za disko."

"Unataka nimwambie nini? Alichobakiza duniani ni hicho kimoja, na nimekiua kwa sababu sikutaka kununua kikapu!"

"Sijui umwambie nini," akasema. "Ila hizo taa sikushikii."

Nikazifunga mwenyewe.

Jumapili ikafika, hali ya hewa ya kupendeza, upepo mwanana kutoka baharini, watoto wanakimbizana na mipira. Mke wa Carmelo ameleta sambusa zake za jibini, na mimi nimeoka keki za boga. Noelene tulimketisha mbele kabisa na blanketi magotini, sahani yake mkononi, soseji imekatwa vipande. Nilikuwa nimebeba mfuko wenye nusu iliyobaki ya lile tofali la chakula cha samaki. Hicho ndicho kilikuwa kitu changu cha mezani, kichekesho salama. Lakini mfukoni mwa koti nilikuwa na kile kiboya. Majuma matatu nilikuwa nacho, nikipika nacho, nikienda dukani nacho, sijui kwa nini sikukitupa.

Walianza wengine. Kijana mmoja wa benki alinunua kipima joto kilichosema maji yake yana homa, akayapoza mpaka kaa wake wakaanza kujifunika mchanga. Mama mmoja wa Sarina aliagiza jiwe la bandia, likayeyuka. Walicheka wenyewe kwanza, na banda likacheka nao, sahani zikagongwa. Carmelo, mshereheshaji wa siku hiyo, Kombe likiwa mbele yake, ndiye alikuwa anaita majina.

"Verna! Njoo, bingwa. Leo umetuletea maiti gani?"

Nikasimama. Nikatoa tofali nikaliinua. Nikaanza: "Mwaka huu nilinunua mashine ya kulishia samaki…" Nikaona midomo inaanza kuumwa. Noelene alikuwa ameinua uso, anatabasamu kuelekea sauti yangu, kama mtu anayesubiri wimbo anaoujua. Nililiweka tofali mezani.

"Siyo hili," nikasema.

Nikatoa kiboya. Kitu kidogo cheupe, kiasi cha kifundo cha kidole, watu wa nyuma walisimama ili wakione.

Nikasimulia. Nilisema habari za nusu bei, na kikapu nilichokiita wizi, na ndoo niliyoshauriwa, na pipa. Nilipofika kwa konokono, kawaida hapo banda lingekuwa limelipuka, maana konokono amekaa juu ya kiboya anatafuna mwani ni jambo la kuchekesha, hata mimi najua. Walikuwa wananitazama wasikie kicheko changu ili waachie chao. Hakikuja.

"Bi Mkubwa amekufa," nikasema. "Majuma matatu sasa. Mama, kila uliponipigia simu nilikudanganya. Nyumbani nimefunga taa za buluu ili nikudanganye tena leo."

Sheria ni sheria, hakuna aliyeweza kucheka, na hakuna aliyejua afanye nini kingine. Soseji zilikuwa zinaungua na hakuna aliyezigeuza. Nilimtazama Noelene. Lile tabasamu lilikuwa limetoweka. Aliweka sahani chini polepole, akashika kile chuma chake cha kutembelea, akasimama. Nikadhani anaondoka. Nilitamani ardhi inimeze.

"Carmelo," akasema, "nipe hiyo hita."

Carmelo akampa Kombe. Noelene akalishika kwa mkono mmoja, mwingine umeshika chuma, akaja mpaka mezani akasimama ubavuni kwangu. Akaliinua juu, kama mtu mwenye zamu yake.

"Mwaka tisini na saba," akasema, "nilinunua hita hii mnadani. Mpya, kwenye boksi lake, muuzaji alisema inajizima yenyewe maji yakifika joto lake. Nikaifunga nikaenda kulala kwa dada yangu usiku mmoja. Haikujizima."

Akaligeuza Kombe, ule weusi ukatuelekea.

"Merv alikuwa amekufa mwaka mmoja kabla. Bi Mkubwa ndiye alikuwa kitu cha mwisho alichonitolea baharini kwa mikono yake. Niliporudi, maji yalikuwa unaweza kutia majani ya chai. Nilimpika. Nilimpika akaiva."

"Lakini mama," Carmelo akasema, "Bi Mkubwa tumemwona wote…"

"Mmemwona wa pili. Merv alikuwa amemkatia kipande rafiki yake wa Bowen, mzee mmoja aliyeitwa Ivo. Nilikwenda kwa basi nikakiomba, nikarudi nimekipakata. Vichwa viwili tu. Nikakigandisha pale pale, nikafunga mlango nusu mwaka, nikisema naumwa, mtu asije akaona. Kilipokua nikawaacha mmwite Bi Mkubwa. Sikuwahi kumkata tena, niliogopa hata kumgusa." Akaishusha hita akaitazama kwa yale macho yake yenye ukungu. "Nikaanzisha hii meza ili nisimame niseme. Nikaweka sheria ya kucheka kwa sababu nilijua mimi sitaweza, na sikutaka mtu anicheke kabla yangu. Kila mwaka nilisema, safari hii nitasimama. Miaka ishirini na saba nimekaa kwenye kiti cha mbele nakula soseji."

Akanigeukia. Mkono wake ulinitafuta, ukanipata begani.

"Wewe umemzimua kwa maji tu, mwanangu," akasema. "Mimi nilimfanya supu."

Na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Kumbe ni kicheko, chembamba, kinamtoka puani kwanza kama maji yanayotafuta njia, halafu kikamtoka chote, mwanamke wa miaka themanini na minne amening'inia begani kwangu anacheka mpaka anakohoa. "Supu!" akasema tena. Nikacheka nami. Nilicheka huku machozi yananichuruzika, na banda lote likalipuka, Carmelo akapiga meza kwa ngumi mpaka sambusa zikaruka, yule mama wa Sarina akakaa chini kwenye nyasi. Mpaka soseji zikashika moto ndipo mtu akakumbuka.

Sahani ziligongwa mpaka mbili zikavunjika. Kombe alilitwaa Noelene, na hakuna aliyepinga, hata mimi.

Mchana ule alikuja kwangu, Carmelo naye akatufuata. Ross alikuwa ametangulia, nikakuta taa za buluu zimerudi Makaburini na tangi linawaka mwanga wake wa kawaida. Noelene alikaa kwenye kiti chake, akasogeza uso mpaka pua ikagusa kioo.

"Viko vitatu," nikasema. "Nilikivunja kichwa siku ya kuhama, nikampa Carmelo ili usijue. Kosa hilo nalo ni langu."

"Kwa hiyo Carmelo ndiye kaokoa jahazi? Tutaishije naye?"

"Nasikia!" Carmelo akasema kutoka jikoni.

Noelene alimtazama yule mdogo akiyumba kwa muda mrefu. "Mwite Bi Mkubwa," akasema. "Jina limezoea. Na akifika vichwa sita, mkate. Mkate umpe mtu, na umpe hasa mtu anayekuudhi, huyo atamtunza vizuri ili apate cha kukuringia."

Kisha akaomba jagi. Nikamshika kiwiko, akamimina, maji mengine yakaenda kwenye zulia, mimi namwambia bado, bado, basi. Mpaka mstari mwekundu.

Mwaka huu Bi Mkubwa amefika vichwa saba. Kimoja nimempa Carmelo. Kingine, baada ya mimi kwenda makao ya wazee mara tatu na keki za boga na kuzungumza na msimamizi mpaka akachoka, kiko juu ya meza ya Noelene kwenye tangi dogo kama sanduku la mkate, lina pampu moja na taa moja, na juu yake limekaa Kombe. Mstari nilimchorea kwa ile ile rangi yangu ya kucha, mnene ili auone.

Ijumaa iliyopita nilipiga simu mimi.

"Bi Mkubwa wako hajambo?" nikauliza.

"Hapana," akasema. "Tangu juzi amejikunja. Nadhani nimezidisha maji, Verna. Sikuuona mstari."

Nilikuwa tayari nimeshika kipima chumvi na mfuko wa chumvi, na Ross anatafuta funguo za gari.

"Nakuja, mama," nikasema. "Usiguse kitu. Nakuja sasa hivi."